Mshipa wa ubongo wa mke wangu umetuna: wafungue fuvu au wapitie pajani?

Baba Wawili: Wakuu, naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu. Mke wangu (41) alipigwa MRI kwa ajili ya kizunguzungu, wakakuta jambo jingine kabisa: anurizimu, yaani mshipa umetuna kama kiputo. Milimita 8, shingo (pale kiputo kinapoungana na mshipa) pana, haijapasuka. Daktari mmoja anataka kufungua fuvu aibane kwa klipu. Mwingine anataka kupitisha mrija kutoka pajani, ajaze nyaya laini ndani ya kiputo. Mama mkwe hataki kichwa kiguswe kabisa. Usiku silali, nasikiliza anavyopumua.

Kovu la Kulia: Pole mkuu. Mimi nilibanwa klipu miaka sita iliyopita. Kovu limejificha kwenye nywele. Kilichonitesa ni taya: kinywa hakifunguki, mswaki hauingii, kumbe wanakata msuli wa kutafunia. Hakuna aliyenionya! Uchovu ulinikaa miezi minne. MRI napigwa kama kawaida, klipu yangu ni ya titani.

Nesi Mstaafu: Kwanza ulizeni kama kuna haja ya kuigusa sasa. Zilizo chini ya milimita 7 mara nyingi hufuatiliwa kwa picha tu, ila mahali ilipo, umbo, presha na sigara hubadilisha hesabu. Njia ya pajani mtu hurudi nyumbani mapema, lakini kiputo kinaweza kufunguka tena, kwa hiyo picha za marudio ni lazima. Shingo ikiwa pana, nyaya mara nyingi huhitaji stenti, yaani kijibomba cha wavu ndani ya mshipa, ya kuzishikilia, na stenti ina dawa zake za kuzuia damu kuganda, miezi kadhaa. Ukitajiwa utafiti wa ISAT wa 2002 ulioipa ushindi njia ya nyaya, ule ulihusu zilizopasuka. Yenu haijapasuka. Kuna ndugu yake aliyewahi kupatwa?

Baba Wawili: Dah. Baba yake alishika kichwa ghafla, akaanguka, hakuamka. Tulisema ni presha.

Nesi Mstaafu: Hilo daktari alisikie kabla ya yote. Na dada zake waulizie kama nao wapimwe.

Fundo: Yangu ilikuwa mishipa iliyosokotana, siyo kiputo. Nilipigwa mionzi, ikachukua zaidi ya miaka miwili kuziba. Usichanganye ushauri wa huku na wa kwenu.

Nesi Mstaafu: Na akipata maumivu ya kichwa ya ghafla ambayo hajawahi kuyaona, msisubiri miadi. Hospitali, saa hiyohiyo.

Baba Wawili: Nimewapigia dada zake. Miadi ni Jumatano, nitaleta mrejesho.