Kalibu ya zamani ya Folkboat: bado inafaa kutolea mashua mpya?

Fundi_Mkuku: Kuna kalibu ya faibaglasi ya Folkboat, ile mashua ndogo ya tanga ya muundo wa Sweden wa 1942, mita 7.68 kwa 2.20. Imekaa ghalani muda mrefu. Nianzie wapi?

Tezi_na_Omo: Pima kwanza, usikimbilie kung'arisha. Vuta uzi katikati toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha linganisha upana kushoto na kulia kila nusu mita. Kalibu iliyolala bila vihimili hutanuka juu, na sitaha haitakaa. Ikiwa sawa, msasa wa maji namba 600 hadi 1200, kisha nta mara tano.

MzeeRezini: Jelikoti, lile tabaka la nje linalopakwa kwanza kwenye kalibu, iwe milimita 0.5 hadi 0.8. Ikiwa nyembamba, stireni, kiyeyusho kilicho ndani ya rezini (gundi ya faibaglasi) inayofuata, huilainisha na kuikunja. Anza na mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uikandamize kwa rola kwenye ile mikunjo inayoiga mbao zilizopandana; mapovu hujificha hapo hapo.

Tezi_na_Omo: Na mkuku, ule uti mzito wa chini ya mashua, ndugu yangu! Ni chuma, karibu tani moja, zaidi ya nusu ya uzito wote. Ziba vizuri matundu ya boliti zinazoushika. Hata boliti za chuma cha pua huliwa na kutu zikikaa kwenye maji yasiyo na hewa, na kutoka juu huoni kitu.