Darasa lenye baridi, giza na kishindo cha mvua: nianzie wapi?

Mwalimu, Makete
Ndugu wanajukwaa, nafundisha Darasa la Tatu katika shule iliyo mlimani wilayani Makete. Madirisha yetu hayana vioo bali vibao vya kufungia. Juni na Julai tukiyafungua, watoto huficha mikono ndani ya sweta na penseli haishikiki. Tukiyafunga, walioketi nyuma hawaoni ubao. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, paa la bati lisilo na dari hunguruma hadi somo la kusoma linasimama. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka kuliko vyumba, nami nina 71 ilhali kiwango ni 45. Kamati ya shule imepata fedha kidogo, zisizotosha yote. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Iringa
Mwalimu, pole na kazi. Mimi ningeanza na mwanga, kwa sababu mtoto wa umri huo bado anaoanisha herufi na sauti, na asiyeiona herufi hubaki kuitikia pamoja na wenzake, nasi tukadhani ameelewa. Ondoeni bati moja au mawili upande wa nyuma, mweke ya plastiki yanayopitisha mwanga, kisha kuta zipakwe chokaa. Hapo mtaweza kufunga madirisha ya upande unaoleta upepo. Msiyafunge yote. Watoto sabini wakipumua katika chumba kisichopitisha hewa husinzia mapema, na wengi wetu tuliwachapa kwa usingizi huo, tusijue kwamba kosa lilikuwa la chumba. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mzazi, Tukuyu
Naomba dari isisahauliwe, maana huku Rungwe mvua hunyesha miezi mingi. Binti yangu hasikii vizuri sikio moja. Mvua ikipiga bati, kwake somo limekwisha. Kwa sasa mwalimu wake amemketisha mbele, sikio zima likimwelekea yeye, na mvua ikizidi huwapa watoto kazi ya kuandika huku akipita dawati kwa dawati.

Mwalimu, Makete
Shikamoo Mwalimu, nawe mzazi asante sana. Leo niliketi dawati la mwisho nikajaribu kusoma ubao niliouandika mwenyewe: nusu ya maneno sikuyaona. Suala la bati la mwanga nitalipeleka kwenye kikao cha kamati siku ya Ijumaa, na kuanzia kesho walio nyuma watakuwa wakipokezana nafasi na walio mbele.