Tufaha hazitoi mizizi chupani, zinavimba tu. Nisaidieni

Chipukizi_Kasarani
Habari zenu wadau. Nina maabara ndogo ya tishu kalcha (kukuza miche chupani kutoka vipande vidogo vya mmea) hapa Kasarani. Migomba hainisumbui. Kichwa kinaniuma na tufaha, zile MM106 za kubebeshea (shina la chini la kuunganishia tufaha nyingine). Machipukizi yanaongezeka vizuri, lakini nikiyahamishia chupa za mizizi yanaota uvimbe mweupe kitakoni, kama koliflawa. Kamzizi kakitokea kanakatikia hapo hapo kwenye uvimbe. Natumia MS kamili (chakula cha chumvichumvi cha chupani), IBA (homoni ya mizizi) miligramu 3 kwa lita, taa saa 16. Nibadilishe nini?

Mama_Kitalu
Yanatoka kwenye BAP (homoni ya machipukizi) kiasi gani?

Chipukizi_Kasarani
Miligramu 1 kwa lita, mama. Nayatoa huko moja kwa moja.

Mama_Kitalu
Basi anzia hapo. BAP inaleta machipukizi lakini inazuia mizizi, na nyingine inabaki ndani ya shina. Yapitishe kwanza kwenye chakula kisicho na BAP yarefuke, halafu chagua ya sentimita 2 kwenda juu. Mafupi yaache.

Fundi_wa_Chupa
Mama amesema kweli, ila hata hiyo IBA imezidi, tena inakaa muda mrefu. Auksini, yaani homoni za mizizi kama IBA, inahitajika mwanzoni tu, seli za kitako zinapogeuka kuwa mizizi. Mzizi ukishaanza, auksini ile ile inauzuia kurefuka na inanenepesha uvimbe. Punguza MS iwe nusu, IBA 0.5 hadi 1, zima taa au funga chupa kwa foili siku 5 hadi 7. Kisha hamishia chakula kisicho na homoni kabisa, urudishe mwangani. Hatua ya giza usiiruke, tufaha zinaipenda. Na pH iwe 5.7 au 5.8 kabla ya kuchemsha. Ikishuka sana agari, ile ya kugandisha chakula, haigandi.

Pumisi_Ruai
Mnajisumbua na chupa za nini? Chovya kitako kwenye IBA ya unga, panda kwenye pumisi (mawe mepesi ya volkano) iliyochekechwa, funika na nailoni. Mizizi ya chupani ni dhaifu, mingi inakufa ukiitoa.

Fundi_wa_Chupa
Boss, na baridi ya Julai hii? Majani ya chupani hayana nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havifungi vizuri. Bila joto na unyevu wa uhakika yatanyauka yote. Angojee joto lirudi, ajaribu machache.

Pumisi_Ruai
Hapo kwa baridi sibishi 😂

Mama_Kitalu
Mkimaliza kubishana: ukitoa miche, osha agari yote kwa maji ya vuguvugu. Sukari ikibaki kwenye mizizi, ukungu haukawii.

Chipukizi_Kasarani
Asanteni sana. Haya yaliyovimba nitupe?

Mama_Kitalu
La, kata juu ya uvimbe, kwenye shina la kijani, uyarudishe chupani. Lakini yenye majani ya majimaji yanayopitisha mwanga, hayo tupa.