Mjadala: Kiwanda cha kukamua ufuta Lindi, tukijenge au tuendelee kuuza mbegu?

Mleta hoja: Kila msimu ufuta wa Kilwa, Ruangwa na Nachingwea unapita mnadani kwa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mbegu ghalani, anapewa risiti, zinauzwa kwa pamoja), unaondoka ukiwa mbegu. Dukani tunanunua mafuta ya mawese kutoka nje. Naona AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa wakulima, zikate kidogo kwa kila kilo, zijenge kiwanda cha tani 10 kwa siku. Wadau, mnasemaje?

Fundi mitambo: Ndugu, tupige hesabu kwanza. Ufuta una mafuta karibu nusu ya uzito wake, ila mashine ya kukamua kwa skrubu haiyatoi yote. Mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, hubaki na mafuta asilimia 8 hadi 12. Kilo 100 zitakupa kilo 42 hivi baada ya kuchuja mashapo. Bei ya mnadani ikiwa shilingi 3,000, kilo moja ya mafuta imeshakula mbegu ya zaidi ya shilingi 7,000 kabla ya umeme na madumu. Mashudu yanarudisha sehemu tu. Mawese huyawezi kwa bei.

Halafu mtaji. Tani 10 kwa siku 250 ni tani 2,500, nazo lazima uzinunue ndani ya miezi michache ya minada. Hiyo ni shilingi bilioni 7.5 zilale ghalani. Mashine ndiyo gharama ndogo hapo.

Mkulima, Nachingwea: Kwa hiyo tubaki wauza mbegu milele? Mashudu ni chakula cha kuku, na kuku tunao.

Fundi mitambo: Sijasema hivyo, dada. Nasema tuanze na kusafisha. Ufuta ukipukutwa chini badala ya turubai unabeba mchanga, na mchanga ndio unaoua mashine: kingo za skrubu zinalika, nafasi inapanuka, mafuta yanatokea kwenye mashudu. Bana mashudu kiganjani; vidole viking'aa, hela inapotea. Chekeche, mashine ya kupepeta na sumaku vitangulie mashine yoyote. Na ufuta hauna nyuzi nyingi, unateleza ndani ya skrubu. Mbegu isipopashwa moto na unyevu usipokaa sawa, unapata uji badala ya mashudu.

Afisa ugani: Nakubaliana na kusafisha, ila nisingefuta ukamuaji. Mafuta ya ufuta yasishindanishwe na mawese. Soko lake ni la wanaoyatafuta kwa jina lake, kwa chupa ndogo yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tani 1 kwa siku inatosha kujifunza. Nachingwea tunajua kilichotokea kwa mpango wa karanga wa Waingereza: matrekta yalifika mwaka 1947, udongo na mvua havijapimwa vya kutosha, kufikia 1951 umeachwa.

Mleta hoja: Hoja ya mtaji imenigusa. Basi makato yaende kwenye chekeche na turubai msimu huu?

Mkulima, Nachingwea: Turubai kwanza, kaka. Na hesabu za makato zibandikwe ukutani kwenye ghala, kilo kwa kilo, kabla ya mnada wa pili.