Ruzuku ya dola 1,500 ya Masomo ya Weusi: kipengele cha "jamii itanufaikaje" mnakijazaje?

MwanaTanga
Habari wadau, na shikamoo kwa wanaostahili. Niko New Jersey, uzamili mwaka wa pili, nafundisha Kiswahili cha wanaoanza ili nipate kodi ya chumba. Idara ya Masomo ya Weusi hapa chuoni imetangaza ruzuku ndogo, dola 1,500, andiko kurasa mbili. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ijayo.

Mada yangu ni Newark miaka ya mwanzo ya 1970. Mshairi Mmarekani Mweusi Amiri Baraka na wenzake walibadili majina wakachukua ya Kiswahili, wakawa wanaamkiana kwa Kiswahili, na makao yao ya High Street (leo ni Martin Luther King Boulevard) wakayaita Hekalu Umoja. Ndiyo, bila "la". Mimi mwalimu wa ngeli nilipolisoma mara ya kwanza mkono ulianza kutafuta kalamu nyekundu wenyewe.

Halafu nikakutana na bibi mmoja aliyejifunza Kiswahili ukubwani enzi hizo. Jikoni kwake akanitolea kopo la biskuti, ndani mna kadi ngumu zilizopigwa taipureta, neno mbele, maana nyuma. Kadi ya "kujichagulia", yaani kujiamulia mambo yenu wenyewe, ile nguzo ya pili ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, imechakaa kona zote nne. Akalitamka, mkazo sawasawa kwenye "li", kuliko wanafunzi wangu wote. Akaniuliza kama kwetu tunalitumia. Nikamwambia ukweli: kwetu ukisema kujichagulia, muuza genge atakusogezea tenga la nyanya. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nataka kumrekodi yeye na wenzake wanne au watano. Msimamizi wangu anashauri nitie na safari ya Dar, kwa kuwa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika pale Chuo Kikuu Juni 1974 na Baraka alikuwepo. Bajeti ikoje hapo? Na hiyo "jamii" niandike nini? Nimeandika "matokeo yatasambazwa kwa wadau" nikaona haya mwenyewe.

Fundi Saa
Dada, futa Dar. Tiketi peke yake inameza hela yote, na wanaosoma maandiko haya wanajua bei ya tiketi. Nimewahi kupata ruzuku ya aina hii kwenye chuo kingine. Nilichokuja kugundua ni kwamba wanatafuta kitu kimoja kinachoweza kwisha. Wazee watano, Newark, basi.

Sasa sikiliza ya pesa, maana hapa ndipo nilipoumia. Uliza kabla: wanakupa mkononi, au unatumia zako kisha wanakurejeshea? Mimi nilirejeshewa baada ya miezi mitatu, na miezi hiyo nilikula maharage mpaka nikawa nayaota. Risiti zile za karatasi laini zilikuwa zimefutika, nikaambiwa hazisomeki. Piga picha kila risiti siku ileile.

Ukipewa mkononi kama ufadhili na uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida hukatwa asilimia 14, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Kwa hiyo usipange 1,500. Panga 1,290.

Na kifuta jasho cha wazee: ulizia fomu zake mapema. Kwetu walitaka kila mzee atoe namba yake ya hifadhi ya jamii ndipo alipwe dola 50. Wawili walinirudishia karatasi, na siwalaumu.

Otieno_K
Nyongeza ndogo. Kamati ya maadili ya utafiti. Tangu Januari 2019 kanuni za serikali kuu ya Marekani haziihesabu historia simulizi kuwa utafiti unaohitaji kibali chao, lakini vyuo vinaitafsiri kila kimoja kivyake. Waandikie barua pepe Jumatatu, jibu lao ulibandike kwenye andiko.

Chakubanga
Mimi naomba kueleweka vibaya. Dola zote hizo za kurekodi Kiswahili kibovu? Bibi zetu Pangani wanakufa na misemo yao, hakuna anayewapelekea hata betri.

Mama wa Oakland
Chakubanga, la Pangani una haki nalo, anzisha uzi wake nami nitachangia. Hapa umekosea mlango. Idara hizi hazikuzaliwa kwenye kikao cha maprofesa. Chuo cha San Francisco State wanafunzi waligoma kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969, wakapigwa virungu, na pamoja na kudai idara walitaka elimu irudi mitaani walikotoka. Kwa hiyo, mwanangu MwanaTanga, kile kipengele ndicho idara yenyewe. Usikijaze mwisho ukiwa umechoka.

Halafu kumbuka Arturo Schomburg. Alikuwa karani wa barua benki, ananunua vitabu vya Weusi kwa mshahara wake. Mwaka 1926 maktaba ya New York ikapewa dola 10,000 na Shirika la Carnegie kuununua mkusanyo wake, na mpaka leo upo Harlem, anaingia yeyote.

Andika hivi: jioni moja, maktaba ya jiji pale Newark, kadi za bibi mezani, yeye anasoma, watoto wanajibu. Nakala ya kila rekodi iende kwa mzee mwenyewe kabla haijafika chuoni. Na umuulize kwanza kama anataka. Usiandike jina la mtu kwenye bajeti hajui.

MwanaTanga
Asanteni sana. Dar imekufa, msimamizi nitamwelezea taratibu. Chakubanga, mimi mwenyewe nimetoka karibu na Pangani, hivyo umenigusa. Lakini yule bibi ameitunza ile kadi miaka hamsini, na mimi daftari langu la darasa la saba sijui liko wapi.

Nimempigia leo. Amekubali, kwa masharti: asome yeye tu kadi zake, mtu asimsahihishe mbele ya watoto, na kurudi nyumbani usiku apelekwe kwa gari, si basi. "Wadau" nimewafuta. Bajeti sasa ina kinasa sauti, kuskani picha, chai na sambusa za watu arobaini, na teksi ya bibi kwenda na kurudi.

Fundi Saa
Risiti ya teksi nayo piga picha.