MREJESHO: fence_scsi kugoma kwenye klasta ya seva mbili
Wakuu, niliuliza kwa nini fence_scsi (zana ya kuizuia seva yenye hitilafu isiandike kwenye diski ya pamoja) inagoma kwenye klasta yangu ya Pacemaker (programu ya kusimamia seva zinazofanya kazi kama kundi). Kumbe tatizo ni storeji yenyewe. Nilipoendesha sg_persist (amri ya kukagua usajili wa seva kwenye diski) kwenye diski ya pamoja, ikajibu kwamba amri haitambuliki: haina SCSI-3 Persistent Reservations (utaratibu wa diski kuruhusu kuandika seva zilizosajili ufunguo tu), na bila hizo seva haiwezi kusajili ufunguo wake wala kufuta wa mwenzake. Nimehamia storeji inayozikubali, nikaweka provides=unfencing (mpangilio unaofanya seva isajiliwe ufunguo wake kwenye diski inapojiunga na klasta). Jana usiku nikachomoa kebo ya mtandao wa klasta kwenye seva ya kwanza. Ya pili ikaufuta ufunguo wa ya kwanza papo hapo, na hiyo ya kwanza haikuweza kuandika hata baiti moja. Nilifurahi mno! Ila fence_scsi haizimi seva, inaizuia tu kuandika. Ili seva iliyozuiwa ijiwashe upya nimeongeza watchdog (mlinzi anayeikagua seva na kuiwasha upya ikipoteza ufunguo). Asanteni sana.