Uso wa duara na nywele za kipilipili: ninyoe mtindo gani?

Mwalimu wa Tanga

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri katika jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, ila mimi limenisumbua kwa muda. Nina uso wa duara uliojaa mashavuni, nywele za kipilipili nzito, na ndevu ambazo kidevuni na juu ya mdomo huota vizuri lakini mashavuni hutoka hapa na pale tu. Kwa miaka mingi nimenyoa kwa urefu mmoja, mashine namba 1 kuanzia utosini hadi kisogoni, na kila nikitazama picha za mahafali au za harusi naona kichwa na uso vimekuwa mpira mmoja. Kibaya zaidi, kinyozi niliyemwendea safari iliyopita alisogeza mstari wa mbele upande wa kulia, akaona umeachana na wa kushoto, akausogeza wa kushoto, akarudi tena kulia, mpaka komwe langu likapata nafasi ambayo halikuiomba.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwa hiyo kiduku, rasta na michoro ya wembe pembeni sivihitaji, kwani siwezi kumwagiza mwanafunzi akapunguze nywele ilhali zangu zinamshangaza. Je, upo mnyoo wa heshima utakaoufanya uso huu uonekane mrefu kidogo? Na ndevu nizifuge au niziondoe?

Fundi wa Mashine

Ndugu Mwalimu, kunyoa ndiyo kazi inayonilisha, na kabla ya kumshauri mteja hupenda kuhakikisha kwamba uso wake ni wa duara kweli, kwa sababu wengi huchanganya uso wa duara na uso ulionenepa. Chukua futi kamba, upime kutoka mstari wa nywele hadi ncha ya kidevu, kisha upime upana kutoka mfupa wa shavu moja hadi mwingine. Vipimo vikikaribiana na taya likawa limepinda pasipo kona, huo ni uso wa duara. Vikikaribiana lakini taya lina kona dhahiri chini ya masikio, huo ni wa mraba, na wenye uso wa mraba wana bahati, kwani karibu kila mnyoo huwakaa. Kwa kuwa kinyozi wako amekuongezea kipaji, anza kupima pale nywele zinapoota, si pale wembe ulipopita.

Ukinyoa urefu mmoja kichwa kizima, nywele hufuata mviringo wa fuvu, na mviringo huo ukaungana na mashavu. Dawa yake ni kupunguza pembeni na kuacha juu. Mwambie kinyozi atumie namba 1, yaani takriban milimita 3, pembeni na kisogoni, afifishe (yaani azipunguze hatua kwa hatua) kuanzia usawa wa panja kushuka masikioni, na juu akuachie sentimita 2 au 3 zilizosawazishwa bapa kidogo badala ya kuviringishwa. Kona za panja zibaki zimesimama wima, kwa maana uso usio na kona huzipata hapo. Akizizungusha kwa wembe, kazi yote ya juu imepotea.

Jambo ambalo wateja hulisahau ni kwamba nywele za kipilipili hazilali, bali huota kuelekea nje. Baada ya wiki mbili hivi zile za pembeni huwa zimevimba juu ya masikio, na ule upana uliokuwa ukiukimbia umerudi, hata kama nywele za juu bado zinapendeza. Ndiyo maana nashauri mwenye uso kama wako aende saluni mara kwa mara kwa ajili ya pembeni tu, na zile za juu aziguse kwa nadra.

Kuhusu mstari wa mbele, usimruhusu mtu yeyote auguse kwa sasa. Nywele za kichwani hukua wastani wa sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi miwili utakuwa umerudishiwa ulichonyang'anywa. Huenda ukashauriwa upakwe piko ili kuziba pengo hilo. Mimi sipendi, kwanza kwa sababu weusi wake huonekana wa kuchorwa hasa mtu akisimama juani, na pili kwa sababu rangi nyingi za namna hiyo zina kemikali iitwayo PPD, ambayo huwavimbisha baadhi ya watu uso na kope. Ukilazimika, jaribu tone dogo nyuma ya sikio na usubiri saa 48.

Babu wa Makorora

Mwanangu Mwalimu, Fundi amesema vyema, ila vijana mmeufanya uso kuwa ndio kichwa chote. Wanafunzi wako hukuona ubavuni na kisogoni muda wote unaoandika ubaoni, na kama una chogo, kufifisha nyuma mpaka juu kutalichomoza kuliko unavyotaka, ilhali aliye na kisogo bapa huhitaji nywele ziachwe hapo ili kipate umbo. Jipapase kwanza, ndipo umwagize kinyozi.

Napenda pia kukukumbusha njia, yaani ule mstari unaokatwa kuzigawa nywele, ambayo katika ujana wetu ilikuwa alama ya msomi. Picha za Patrice Lumumba za mwaka 1960 zinamwonyesha akiwa na njia iliyokatwa upande mmoja, miwani, na ndevu fupi za kidevuni. Uso wake ulikuwa mwembamba kuliko unavyoueleza wako, lakini njia ya upande humfaa hata mwenye duara, kwa sababu huvunja ule ulinganifu wa kulia na kushoto, na jicho la mtazamaji likapelekwa juu kwa mshazari. Ila iwe nyembamba na ya mstari mmoja, tena ianzie pale pembe ya panja ilipo. Hizi za siku hizi zenye mikato mitatu waachie wanamuziki.

Abu Khalfan

Assalaam alaykum. Naongeza neno moja kwa mwuliza swali, iwapo ni Mwislamu, kwani wengi wetu huku pwani hulijali. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza qaza', nayo ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Wapo wanaozihesabu fedi zote, yaani minyoo ya kufifisha, kuwa humo, na wapo wanaotofautisha baina ya kunyoa hadi ngozi na kupunguza tu, hivyo muulize sheikh unayemwamini. Namba 1 aliyoitaja Fundi huacha nywele pembeni, nami ndiyo ninayoitumia. Kile kipara cha pembeni kwa wembe nimekiacha.

Bint Ngamiani

Kaka Mwalimu, ndevu usiziondoe. Uso wa duara ukinyolewa laini unazidi kuwa wa kitoto, na kwa mwalimu hilo halimsaidii. Kwa kuwa za mashavuni zinatoka kwa kubahatisha, ziondoe hizo, ubaki na ndevu za O, yaani masharubu yaliyoungana na kidevu, zikiwa zimepunguzwa vizuri. Mume wangu ndivyo afanyavyo na zimemkaa.

Ninachokuonya ni vipele. Nywele zetu zikikatwa chini kabisa ya ngozi, ncha yake iliyochongoka hujipinda na kurudi ndani, kisha huacha vinundu na madoa meusi shingoni ambayo hukaa muda mrefu kuliko mnyoo wenyewe. Mume wangu aliponywa na jambo moja tu, nalo ni kuacha wembe na kutumia mashine inayobakiza walau milimita 1, bila kuivuta ngozi na kwa kufuata upande nywele zinakoelekea. Na tafadhali dai mashine isafishwe kwa spiriti mbele yako, kwani mapunye hayaulizi mtu ana cheo gani.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru nyote. Nimepima, na urefu umeuzidi upana kwa sentimita 1 tu, na taya halina kona hata ya kutafuta, kwa hiyo ni duara bila ubishi. Chogo ninalo, ila dogo. Rai ya Abu Khalfan nimeipokea, nitabaki na namba 1. Yamebaki mawili. Nikifika saluni niseme nini ili nisipewe mnyoo wa kijana aliyetangulia kwenye kiti? Na ile sponji ya kusokota nywele inafaa kwa umri wa miaka 41?

Fundi wa Mashine

Umri si tatizo, Mwalimu. Sponji huzipa nywele za juu vifundo vidogo vinavyosimama, na hilo huongeza kimo, ila itumie katikati ya kichwa pekee. Ukiizungusha mpaka pembeni utakuwa umeutengeneza upya upana tuliouondoa.

Saluni, nenda na picha. Mtu akupige akiwa umbali wa mita 2 hivi, kwa sababu picha ya kujipiga kwa mkono huikuza pua na kuyaficha masikio, na kinyozi akiitegemea hukosea mizani. Picha nyingine iwe ya mtu mwenye nywele za kipilipili kama zako, kwani nimewahi kuletewa picha za Waitaliano nikatakiwa kufanya muujiza. Taja namba, taja pale kufifisha kunapoanzia, na kwa kuwa una chogo, mwambie nyuma afifishe chini tu, karibu na shingo. Usikubali kukatwa nywele zikiwa mbichi. Ziwe kavu na zilizochanuliwa, maana kipilipili ikilowa hujikunja, na ukikauka unagundua kulia kumebaki juu kuliko kushoto.

Katika ndevu natofautiana kidogo na dada yetu Bint Ngamiani. Ndevu za O katika uso wa duara ni mviringo ndani ya mviringo. Mimi ningeyaacha masharubu yasiungane na kidevu, na zile za kidevuni ningeziacha sentimita 1 na nusu, zikichongoka kidogo kuelekea chini. Ule mstari mwembamba unaofuata taya kutoka sikio hadi sikio usiukubali hata ukipewa bure, kwa sababu unauchora mpaka wa duara lote.

Bint Ngamiani

Fundi, kuhusu urefu wa kidevuni nakubaliana nawe. Kuhusu O, mume wangu ameisoma hoja yako, ameinuka kujitazama kwenye kioo, na amesema habadilishi.